Waliyempigia Makofi

Mwaka 2004, mwezi wa saba, jarida lililokuwa likichapa maandishi yangu lilifanya sherehe hapa Machakos mjini. Nikaalikwa, nikaenda, nikatolewa nje kwa mlango wa jikoni. Nasimulia jambo hili nikiwa bado na hasira, na sitaki mtu aniambie nipoe. Nimeambiwa nipoe tangu utotoni.

Jina langu ni Firdaus binti Shaaban. Hali yangu siku hizi wanaiita usonji. Daktari mmoja wa Nairobi alimwambia mama jina lake la Kizungu nikiwa tayari mtu mzima, na mama akalirudia ndani ya basi njia nzima ya kurudi ili asilisahau. Kabla ya hapo nilikuwa na majina mengine. Shuleni nilikuwa mkaidi, kwa sababu mwalimu akiniuliza swali mbele ya darasa, jibu lilikuwa kichwani na mdomo ulikuwa umefungwa. Nilipofika darasa la tano wakamwambia baba anichukue anipeleke nyumbani. Mtaani nilikuwa mwenye majini, nikasomewa, nikafukizwa ubani hadi macho yakavimba. Mimi ndiye kifungua mimba wa nyumba yetu, lakini mji mzima unamwita mama yangu Mama Ramzi, kwa jina la mdogo wangu, kana kwamba mimi nilikuwa jaribio tu.

Sina ugumu wa kuelewa. Ninaelewa hata yale ambayo watu wangependa nisiyaelewe. Kinachonishinda ni kelele nyingi zikija pamoja, kuguswa bila kuambiwa, na macho ya watu wengi kunielekea kwa wakati mmoja. Hapo maneno hunihama. Huwa hayajapotea, yamekaa mahali nayaona, ila njia ya kuyafikisha ulimini imefungwa. Nikiwa peke yangu na karatasi, njia hufunguka.

Karatasi nilifundishwa na baba. Baba yangu Shaaban alikuwa mpiga taipu. Alikuwa na meza yake barazani karibu na mahakama, akiwaandikia watu barua za kuomba kazi na viapo vya vitambulisho vilivyopotea. Nilipotolewa shule alinichukua nikakaa nyuma yake, nikiutazama ukuta, nikisikiliza vidole vyake. Mlio ule haukuniumiza kamwe, kwa sababu kila herufi ilikuja peke yake. Jioni alinipa kiti chake nami nikapiga. Alipofariki, jamaa walitaka kuiuza ile taipureta. Mama akaifunika kwa kanga yake na kuwaambia kwamba ina mwenyewe.

Nilikuwa naandika mambo ya kila siku. Niliandika kuhusu maua ya zambarau ya mijakaranda, jinsi yanavyofagiliwa haraka mgeni wa serikali anapokuja, kana kwamba mti umetuaibisha. Niliandika juu ya mashini ya posho iliyo nyuma ya nyumba yetu, na jinsi watu wanaosimama foleni pale wanavyosemana kwa sauti kubwa wakidhani hawasikiki. Niliandika juu ya mtu anayelala karibu na stendi, ambaye kila mmoja humwita mwenda wazimu na kila mmoja anaijua nyumba ya mama yake, na hakuna anayempeleka huko. Nilipomaliza ukurasa nilimpa Ramzi amsomee mama wakati wa chai ya jioni. Mama alisikiliza akiwa ameweka mkono shavuni, kisha alikuwa akisema moja tu katika mambo mawili: hapo umesema kweli, au hapo umemwonea mtu.

Ramzi ndiye aliyepata wazo la kuyapeleka *Iveti Yetu*. Lilikuwa jarida dogo la kila mwezi, likiuzwa madukani na kwa vinyozi, na mhariri wake alikuwa mwalimu mstaafu aliyeitwa Urbanus, mtu wa suti ya kahawia na adabu nyingi. Ramzi alikuwa akitengeneza redio na simu katika kibanda kilichokuwa njia moja na ofisi hiyo, kwa hiyo kila mwezi aliibeba bahasha yangu na kuiacha kwa karani. Chini ya kila makala nilipiga jina langu kama baba alivyokuwa akipiga lake: herufi ya kwanza, nukta, Shaaban.

Makala yale yalipendwa. Ramzi alirudi na habari kutoka kwa kinyozi kwamba wazee walibishana juu ya yule mtu wa stendi hadi mmoja akaondoka na nusu ya ndevu. Wote walidhani F. Shaaban ni mzee, pengine aliyewahi kuwa hakimu, mwenye kifimbo na miwani. Sisi nyumbani tulicheka. Sikuona ubaya wowote. Yalikuwa maneno yangu, na yalikuwa yakitembea mjini bila ya mimi kulazimika kutembea nayo.

Ndipo ukaja mwaliko wa sherehe. Jarida lilikuwa likitimiza miaka mitano na Mwalimu Urbanus alitaka waandishi wake waonekane. Kadi ilisema Bwana F. Shaaban na familia yake. Mama akaniuliza kama ninataka kwenda. Aliniuliza kweli, akasubiri jibu, na jibu lilichukua siku kadhaa. Nilisema nitaenda. Tulikubaliana kwamba nitakaa mwisho karibu na mlango, kwamba jina likiitwa nitasimama, naye Ramzi atasoma maneno machache niliyoyaandika ya kushukuru. Mama akanipigia pasi buibui jipya. Nilifanya mazoezi ya kusimama chumbani mwangu. Mnaweza kucheka, lakini kusimama mbele ya watu ni kazi, na mimi niliifanyia kazi hiyo mazoezi.

Ukumbini walikuwa wameweka spika kubwa kama kabati, kila upande wa jukwaa. Tulipoingia tu kuna mtu alikuwa akijaribu kipaza sauti, kikapiga yowe refu kama chuma kinachokatwa. Sikumbuki nilivyofika ukutani. Nakumbuka nilikuwa nimekaa chini, nimeziba masikio, ninayumba mbele na nyuma na kuvuma kooni, kwa sababu mvumo wangu mwenyewe hunifunikia ule wa nje. Sikumpiga mtu, sikuvua nguo wala kumtukana mtu. Nilikaa chini.

Mtu aliyekuwa akipanga wageni aliitwa Musembi. Alikuja na beji yake kifuani akanishika mkono juu ya kiwiko. Kushikwa hivyo kwangu ni kama kuguswa na sufuria iliyotoka motoni, nikapiga kelele mara moja. Watu wakageuka. Musembi akamwambia mama, kwa upole kabisa, na upole huo ndio unaoniudhi zaidi hadi leo, kwamba huyu mgonjwa atolewe kabla wageni wa heshima hawajafika.

Mama akasema, "Huyu ndiye mwandishi wenu. Huyu ndiye F. Shaaban."

Musembi akatabasamu kama mtu anavyomtabasamia mzazi aliyelemewa. Akasema sawa mama, tumeelewa, lakini kwa sasa twendeni huku. Akaita mwenzake, na tukasukumwa taratibu hadi kwenye mlango wa nyuma, mama akiwa ameweka mwili wake kati yangu na wao ili wasinishike tena. Ramzi alikuwa ameingia mbele kututafutia viti. Hakuona.

Mlango ule ulitokea jikoni. Palikuwa na wanawake waliokuwa wakipika pilau na kukaanga kuku, na redio ndogo ikiimba dirishani. Mmoja wao, mwanamke wa Kalama aliyeitwa Ndanu, alinitazama mara moja tu. Hakuuliza nina nini. Aliizima redio, akasogeza gunia la makaa, akanionyesha kwa kidole pembe iliyokuwa na giza kidogo. Nikakaa pale. Mama alibaki amesimama, akawaambia wale wanawake kwamba mtoto wake ndiye aliyeandika yale wanayoyasherehekea huko ndani. Nadhani alitaka tu kuwe na watu duniani waliolisikia neno hilo.

Tulisikia kila kitu kupitia dirisha la kupitishia sahani. Mwalimu Urbanus alisoma kipande cha makala ya mijakaranda, watu wakacheka palepale nilipotaka wacheke. Kisha akaita Bwana F. Shaaban asimame. Hakuna aliyesimama. Akaita tena. Na kutoka mstari wa mbele, karani aliyemjua Ramzi kwa kuleta bahasha akasema kwa sauti kwamba ndiye huyu hapa, anajificha. Makofi yakaanza. Yakaongezeka. Kupitia dirisha lile nikamwona mdogo wangu amesimama, mikono ikining'inia, anageuza kichwa kututafuta. Wakamvuta hadi jukwaani. Wakampa zawadi, redio kubwa ya kaseti iliyofungwa utepe. Mwalimu akamwekea kipaza sauti mdomoni, na Ramzi akasema asanteni, basi. Ukumbi wote ukasimama kumpigia makofi. Mwalimu akasema mnaona, watu wenye akili hawana maneno mengi.

Nyumbani Ramzi aliiweka ile redio sakafuni na hakuifungua. Alisema alisimama ili aseme kwamba si yeye. Walipopiga makofi vile, kwa macho yote yale, maneno yakamwisha. Alikuwa akilia. Mimi sikumwonea huruma usiku ule, na sioni kwa nini ningepaswa. Nilimpigia mstari mmoja kwenye taipureta nikamsukumia karatasi: mimi maneno yakiniisha ni mgonjwa, wewe yakikuisha una akili.

Hilo ndilo jambo ambalo ningependa watu walitafakari. Siku moja, katika ukumbi mmoja, watoto wawili wa mama mmoja walishindwa kusema. Mmoja akapelekwa kwenye makaa na mwingine akapewa zawadi. Tofauti ilikuwa nini? Kwamba mmoja alishindwa akiwa amesimama na mwingine akiwa amekaa chini?

Toleo lililofuata lilitoka na picha ya Ramzi ukurasa wa kwanza. Majirani wakaja kumpongeza mama. Waliingia, wakanipita nilipokaa, wakakaa, wakasema Mungu hakuachi, kakunyima hapa kakupa pale. Walisema hivyo mbele yangu. Mama aliwaambia ukweli mmoja baada ya mwingine, na mmoja baada ya mwingine walimshika mkono na kusema mzazi hapendi kubagua, ni vizuri. Baada ya siku chache alichoka, akaacha kufungua mlango.

Ramzi alikwenda mwenyewe kwa Mwalimu Urbanus. Alimwambia kwamba hajawahi kuandika hata barua ya mapenzi, kwamba yote ni ya dada yake. Alirudi uso umembadilika. Mwalimu alikuwa amesimama, amempa mkono, na kumwambia kwamba katika kazi yake ya miaka mingi hajamwona kijana mnyenyekevu namna hii, anayetaka kumpa heshima dada mgonjwa. Akasema atalitaja jambo hilo katika tahariri yake. Yaani alipokaa kimya akabeba kisicho chake, walimwamini. Alipofungua mdomo akasema kweli, wakakataa, na kwa kukataa huko wakazidi kumsifu.

Basi nikasema tutakwenda sote watatu. Tulikwenda asubuhi, kabla mji haujachangamka. Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mbegu, na ilinuka wino na dawa ya mahindi. Mwalimu Urbanus alitukaribisha, akavuta viti, akaagiza chai. Sisemi kwamba alikuwa mtu mbaya. Ningefurahi angekuwa mbaya, ingekuwa rahisi zaidi. Alizungumza na mama dakika nyingi, kuhusu mvua, kuhusu marehemu baba ambaye alimkumbuka pale barazani. Kisha akanitazama, akamuuliza mama, "Anaelewa tukiongea?"

Mama akajibu, "Muulize yeye."

Hakuniuliza. Alimweleza mama kwamba yeye ni mwalimu, amefundisha watoto wa kila aina, na anajua kipi kinawezekana na kipi hakiwezekani. Lakini kwa sababu anaiheshimu familia, yuko tayari kulimaliza jambo hili kwa haki. Akatoa karatasi tupu, akaiweka mbele yangu, akaweka kalamu juu yake.

"Aandike hapa kitu kidogo," akasema. "Aandike juu ya ng'ombe. Nikiona, nitaamini."

Nilimwona mama akiitazama ile karatasi kwa matumaini. Nilimwona Ramzi akiikodolea macho. Walitaka niandike. Ingekuwa rahisi. Chumba kilikuwa na utulivu, watu walikuwa wachache, na kuna mengi ninayoyajua kuhusu ng'ombe na wanaowachapa wakiwapeleka machinjioni. Ningeandika ukurasa mzima pale pale na Mwalimu angevua miwani na kuomba radhi. Niliona kila kitu hicho mbele yangu, na kadiri nilivyokiona ndivyo hasira ilivyonipanda kutoka tumboni, moto, taratibu. Na kwa moja ya mara chache maishani mwangu hasira ile haikufunga njia. Iliifungua.

Nikasema, "Ramzi ulimpa karatasi?"

Mwalimu alishtuka kusikia sauti yangu. Sauti yangu ni nzito, haipandi wala kushuka, watu huiogopa. Akamtazama mama ili amsaidie kuelewa.

Nikarudia. "Ramzi alipokuwa jukwaani. Ulimwambia aandike juu ya ng'ombe?"

Akasema hapana, lakini hiyo ilikuwa ni tofauti, kwa sababu Ramzi ni mtu ambaye, na hapo akatafuta neno. Tulimsubiri. Hakulipata. Mwishowe akasema kwamba wasomaji wana haki ya kuwa na uhakika.

"Walikuwa na uhakika," nikasema. "Kwa uongo. Nipe makala yangu."

Kulikuwa na makala mawili ambayo hayajachapwa kwenye trei yake, na niliijua karatasi yangu kwa rangi ya utepe wa taipureta. Alisema yalishapokewa, ni mali ya jarida. Mama akasimama, akayachukua kwenye trei, akayakunja, akayatia ndani ya buibui lake. Alimshukuru kwa chai. Ile karatasi tupu tuliiacha pale, na kalamu juu yake.

Ngazini Ramzi aliniuliza kwa nini sikuandika tu, nikammaliza. Nilimwambia kwamba mtu asiyepaswa kupimwa akikubali kupimwa, keshokutwa atapimwa tena. Leo ng'ombe, kesho mbuzi. Sikuzaliwa ili nikae mlangoni kwa kila mtu nikionyesha kwamba nimo ndani. Mama hakusema kama ni kweli ama nimemwonea mtu. Tulipofika nyumbani aliniambia kwamba yeye angeandika. Mpaka leo hatujakubaliana.

Jarida likatangaza kwamba Bwana F. Shaaban amepata shughuli nyingine na amepumzika. Hawakusahihisha kitu. Mwalimu Urbanus alistaafu kwa mara ya pili, jarida likafa kimya kimya, na ile picha ya Ramzi bado imebandikwa kwa kinyozi, imegeuka manjano. Ramzi ameomba mara nyingi iondolewe. Wanadhani anatania.

Miezi kadhaa baada ya ile sherehe, mwanamke mmoja alibisha mlango mchana, mama akafungua kwa sababu hakumtambua na alidhani ni mteja wa maandazi aliyokuwa akiyauza. Alikuwa Ndanu. Alikuwa amevaa viatu vizuri na amebeba kikapu cha kunde mbichi. Alisema alikuwa akisoma jarida lile kabla ya siku ya pilau, na kwamba alipoona picha ya kijana ukurasa wa kwanza alikwenda ofisini kuwaambia wamekosea mtu, wakamuuliza yeye ni nani, akasema mpishi, wakamwambia asante. Alinisalimia kutoka mlangoni, hakunyoosha mkono. Aliuliza kama bado naandika.

Sikuwa naandika. Nilikuwa sijaigusa taipureta tangu siku ile ya ofisini.

Akasema wao huko Kalama wako na kikundi cha akina mama, wanakutana kwa zamu nyumba kwa nyumba, na wakimaliza mambo yao hukaa tu wakisemana. Wangependa kusomewa kitu. Sikujibu siku hiyo. Alirudi wiki iliyofuata akauliza tena kwa maneno yale yale, nami nikapenda kwamba hakuyabadilisha.

Tulianza na yale mawili yaliyotoka kwenye trei. Baadaye niliandika mengine. Ramzi ndiye msomaji. Kabla ya kusoma husema kwamba haya ameandika dada yangu Firdaus, mimi nasoma tu, na mama zetu wa Kalama humwambia tumesikia, soma. Mimi hukaa nje, kwenye matuta ya shamba, mahali ninaposikia sauti bila kuona nyuso. Mbuzi hunijia, hunusa pindo la buibui, huondoka. Kutoka pale vilima vinaonekana hadi mbali, vimekauka, vina rangi ya ngozi ya simba.

Wakati mmoja niliandika juu ya vilio vya matanga. Nilikuwa mkali. Nilisema kwamba wale wanaopiga mayowe makubwa makaburini ndio wanaosahau kwanza, na kwamba mimi sikulia baba alipozikwa, watu wakanisema, ilhali hakuna siku iliyopita bila ya mimi kusikia vidole vyake. Ramzi alisoma. Ndani pakazuka maneno ya Kikamba ya haraka ambayo sikuyafuata yote.

Mwanamke mmoja akatoka nje akaja hadi kwenye matuta. Nilikuwa simjui. Baadaye niliambiwa anaitwa Munyiva, na kwamba alizika watoto wawili mwaka mmoja. Alikaa juu ya jiwe, mbali nami kidogo, akielekea vilima kama nilivyoelekea mimi.

"Mimi nililia sana," akasema. "Nililia mpaka wakanishika. Na sijasahau. Hapo umekosea."

Nilikasirika. Nilitaka kumwambia kwamba sikumtaja yeye. Lakini alikuwa hajauliza kama ninaelewa, wala ni nani aliyeniandikia. Alikuja kugombana na mimi juu ya nilichosema. Hilo halikuwa limenitokea na mtu yeyote nje ya nyumba yetu, na ilinichukua muda kulitambua.

Nikamwambia nitaliandika upya.

"Liandike," akasema. "Lakini usilifanye tamu kwa sababu yangu."

Tukakaa pale, yeye kwenye jiwe lake na mimi kwenye tuta, hadi wenzake walipomwita ndani kunywa uji.